Kuunda baiskeli nyepesi ya kaboni kwa mtu mrefu: hatua kwa hatua

Mtu wa mita 1.96 akiingia duka la baiskeli za mtumba, iwe Arusha, Dar au Nairobi, atakuta baiskeli za mbio nzuri nyingi ambazo hazimtoshi. Nyingi zimetoka Japani, saizi 50, 52, 54. Muuzaji atavuta nguzo ya kiti hadi juu kabisa na kusema, "Hii inakutosha, kaka." Haimtoshi. Atapanda kilomita thelathini, mgongo utauma, mikono itakufa ganzi, na ataamini kwamba baiskeli za mbio si za watu warefu.

Ni za kwao pia, ila zinahitaji kuundwa kipande kwa kipande. Na kanuni yangu kuu ni hii: baiskeli ya mtu mrefu haipunguzwi uzito kila mahali. Magurudumu, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), usukani na nguzo ya kiti vinabeba mwili mkubwa wenye mikono na miguu mirefu, kwa hiyo hapo gramu ziache zilipo. Kwingine kote punguza upendavyo.

Nitatumia mfano wa mteja wangu mmoja kutoka Moshi: urefu mita 1.96, uzito kilo 88, mpenzi wa ule mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto. Vipimo vyote humu ni vyake. Wewe weka vyako.

Hatua ya 1: Pima mguu

Urefu wa mtu peke yake hauambii kitu. Wawili wa mita 1.96 wanaweza kutofautiana miguu kwa sentimita tano. Mpandaji asimame ukutani bila viatu, nyayo zimeachana kidogo. Weka pimamaji katikati ya mapaja, lisukume juu kwa nguvu hadi liguse mfupa, hakikisha limelala sawa, kisha piga alama ukutani. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Rudia, chukua wastani.

Mteja wangu alitoka na sentimita 94. Zidisha kwa 0.883, kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Unapata 83. Huo ndio umbali kutoka katikati ya botombraketi (pale ekseli ya pedali inapopita kwenye fremu) hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa bomba la kiti. Ni pa kuanzia tu, maana unene wa soli na aina ya pedali vinaweza kusogeza kipimo kwa milimita kadhaa. Lakini bila namba hiyo usinunue fremu.

Hatua ya 2: Chagua fremu kwa steki na richi

Sahau saizi iliyobandikwa kwenye bomba. "61" ya kiwanda kimoja ni "58" ya kingine. Tafuta jedwali la vipimo vya fremu hiyo, usome safu mbili: steki, yaani kimo kutoka botombraketi kwenda juu hadi mdomo wa bomba la kichwa (lile la mbele linalopitisha foku), na richi, yaani umbali wa kwenda mbele kati ya sehemu hizohizo. Kwa mtu wa mita 1.96 natafuta steki ya milimita 615 hadi 640 na richi ya 400 hadi 415.

Hapa usipite haraka, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Kiti kikiwa sentimita 83 juu ya bomba lenye pembe ya digrii 73, kimo chake cha wima kutoka botombraketi ni takriban sentimita 79.4. Chukua fremu yenye steki ya 625, weka spesa (pete za kuinua usukani) za milimita 20 na stemu (mkono unaoshika usukani) ya 120 yenye pembe ya digrii 6 kwenda chini: katikati ya usukani itafika sentimita 69 na nusu hivi. Tofauti kati ya kiti na usukani ni kama sentimita 10, na mtu mzima mwenye mgongo wa kawaida anaimudu siku nzima. Sasa chukua fremu yenye steki ya 580, ile ambayo maduka mengi huiita kubwa. Tofauti inaruka hadi zaidi ya sentimita 14. Mwanamashindano mwenye misuli ya tumbo iliyofanyiwa kazi ataivumilia. Mhasibu anayepanda Jumamosi na Jumapili hataivumilia.

Tena kwenye fremu hiyo ndogo, bomba la kiti likiwa na milimita 520, nguzo ya kawaida ya milimita 350 inabaki na kama milimita 85 tu ndani ya fremu. Mimi nataka 100, na mwisho wa nguzo uwe umepita chini ya kiungo cha bomba la juu. Pungufu ya hapo, kila tuta la barabarani linafanya nguzo ipasue kaboni kutoka ndani.

Kama fremu ni ya mtumba, ikague kabla ya kutoa hela. Ioshe, iingize mahali penye kivuli, mulika tochi kwa kuilaza karibu na rangi ili mwanga upite kando, utazame kuzunguka bomba la kichwa, botombraketi na mabomba mawili ya nyuma. Kisha gonga kwa sarafu polepole, sentimita kwa sentimita. Kaboni nzima hutoa mlio mkavu wa juu. Palipoachana matabaka mlio unazama. Mlio ukibadilika mahali ambapo unene wa bomba haubadiliki, rudisha fremu kwa mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika bajeti ya gramu

Wateja wanakuja na namba ya kilo 6.8 kichwani. Hicho ni kikomo cha chini kabisa cha uzito wa baiskeli za mashindano, kilichowekwa na UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, mwaka 2000, na kwa mtu mrefu mwenye pesa za kawaida si lengo la maana. Tadej Pogačar, aliyeshinda mbio za barabarani za ubingwa wa dunia pale Kigali Septemba 2025, ana mita 1.76. Fremu yake ni ndogo, nguzo yake fupi, usukani wake mwembamba.

Kwa mteja wangu hesabu ilikuwa hivi, kwa makadirio. Fremu kubwa ya kaboni iliyopakwa rangi gramu 1,050, foku 400, hedseti (beringi za usukani) na kibano chake cha ndani 100. Seti ya Shimano 105 R7000 yenye breki za rimu (zinazobana ukingo wa gurudumu), pamoja na krenki (mikono ya pedali), kaseti (meno ya nyuma), cheni na waya zote, kama 2,730. Magurudumu 1,600, tairi, tyubu, utepe wa rimu na ekseli zake 690. Usukani, stemu na utepe wa mikono 460. Nguzo, kibano chake na kiti 415. Jumla kilo 7.4 na ushee. Ongeza pedali na vishikio vya chupa, unafika 7.7. Kwa fremu ya ukubwa huo, bila kununua kitu chochote cha anasa, hiyo ni baiskeli nyepesi kwelikweli.

Nilichagua breki za rimu kwa sababu mbili: ni nyepesi kuliko za diski, na fremu zake za mtumba zimeshuka bei kwa kuwa dunia imehamia kwenye diski. Kwa upande wa tyubu, zile za plastiki ya TPU zina gramu 40 hivi wakati ya mpira wa kawaida inakaribia 100. Hakuna mahali unapopunguza uzito unaozunguka kwa bei ndogo kuliko hapo. Lakini soma maelezo ya mtengenezaji: baadhi ya tyubu hizo haziruhusiwi kwenye breki za rimu kwa sababu ya joto.

Hatua ya 4: Magurudumu

Hapa ndipo nabishana na wateja. Kila mmoja anataka rimu za kaboni. Mteremshe mtu wa kilo 88 kutoka Lushoto kurudi Mombo, kona baada ya kona, vidole havitoki kwenye breki. Nishati yote ya kushuka inageuka joto kwenye ukuta wa rimu. Alumini hulitawanya, kaboni hulihifadhi, gundi ya ndani hulainika, na ukuta unaweza kufunguka. Kwa breki za rimu na milima yetu, mtu mzito apande alumini. Akitaka rimu za kaboni, basi baiskeli nzima iwe ya diski.

Spoku: 24 mbele, 28 nyuma. Magurudumu ya spoku 20 yaliyotengenezwa kwa watu wa kilo 65 yatapinda kila mwezi. Tumia spoku zilizopunguzwa unene katikati, milimita 2.0 mwishoni na 1.8 katikati, zinavutika kidogo chini ya mzigo na hukatika mara chache kuliko nene tupu. Nipeli (nati ndogo za kukazia spoku) ziwe za shaba ya manjano. Za alumini zingeokoa gramu 35 hivi kwa jozi nzima, lakini kwa watu wa Tanga, Dar na Mombasa hewa ya chumvi inazila hadi zinavunjika mkononi.

Funga nyuma kila spoku ikikatiza nyingine mara tatu, mbele mara mbili. Upande wa kaseti vuta hadi kilo 110 au 120 kwenye kipima mvuto, usizidishe kile rimu inachoruhusu. Upande wa pili utajifuata na kukaa kwenye nusu au zaidi kidogo. Kisha shika spoku mbilimbili zinazolingana, ubane kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote. Utasikia zikilia "tik, tik" zikijikalisha. Rudi unyooshe tena. Rudia mpaka ukibana zinyamaze. Gurudumu lililonyamaza hivyo halirudi karakana mapema.

Tairi ziwe za milimita 28 kama breki na fremu zinazipokea. Kwa uzito huu anza na psi 75 mbele na 80 nyuma.

Hatua ya 5: Kata shina la foku

Shina ni lile bomba la foku linalopanda hadi kwenye stemu. Usikate siku ya kwanza. Panga kwanza hedseti, spesa, stemu na usukani, mpandaji akae, azungushe pedali dakika chache kwenye stendi. Ukipata kimo, zungushia shina utepe wa karatasi mahali stemu inapoishia na uchore mstari. Juu ya stemu nabakiza spesa moja ya milimita 5, ili bolti ya juu ya stemu ibane shina kamili, si ukingo wake. Mstari wa kukatia uwe milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa spesa hiyo. Chini ya stemu usizidishe spesa kuliko kiwanda kinavyoruhusu. Mara nyingi ni milimita 30 hadi 40. Kama unahitaji zaidi, fremu ni fupi.

Vaa barakoa. Vumbi la kaboni halifai kuingia mapafuni. Fungia shina kwenye kiongozi cha msumeno, lowanisha kwa maji, tumia wembe wenye meno madogo ya 32 kwa inchi. Kata ukisukuma mbele tu, bila kukandamiza. Ukifika theluthi mbili, geuza foku ukamilishie upande wa pili, ili nyuzi za mwisho zisichanike. Piga msasa laini kutoka nje kwenda ndani, futa kwa kitambaa chenye maji.

Kibano cha ndani, kile kinachotanuka ndani ya shina, kikae usawa wa bolti za stemu. Ile nyota ya chuma inayogongwa kwenye foku za alumini usiithubutu hapa. Kaza kifuniko cha juu hadi mchezo uishe huku usukani ukigeuka wenyewe kwa uzito wake, ndipo ukaze stemu kwa 5 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), bolti moja kidogo, nyingine kidogo. Bila spana ya toki, inayopima nguvu hiyo, usiguse baiskeli ya kaboni. Mkono hauwezi kukadiria 5 Nm.

Hatua ya 6: Krenki, gia na cheni

Krenki ya milimita 175 inatosha. Ndefu zaidi zipo, ila ni ghali na si lazima. Shimano: kifuniko cha pembeni kaza kidogo tu, 0.7 hadi 1.5 Nm, kisha bolti mbili za mkono wa krenki 12 hadi 14. Kaseti 40 Nm. Cheni pima kwenye meno makubwa mbele na nyuma bila kupitisha kwenye dirailea (kihamisha gia), ongeza pingili mbili. Mirija ya waya ikate mirefu: geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, isivute. Fremu ndefu inadanganya sana hapo.

Hatua ya 7: Nguzo na kiti

Paka nguzo ile krimu yenye chembechembe za kaboni, si grisi. Inashika bila kukazwa sana na, kama nguzo ni ya alumini, inazuia jasho lisiiunganishe na fremu. Kibano 5 Nm, au namba iliyoandikwa juu yake. Kwa mapaja marefu natumia nguzo iliyorudi nyuma milimita 20 au 25, ili kiti kikae katikati ya reli zake. Kiti kilichosukumwa hadi mwisho wa reli chini ya kilo 88 hukunja reli.

Hatua ya 8: Jaribio

Fremu ndefu zina tabia ya kutetemeka usukani kwenye mteremko wa kasi, kwa sababu mabomba ni marefu na uzito uko juu. Jaribu taratibu, barabara tupu, kasi ikipanda kidogokidogo. Ikianza, usikamate usukani kwa nguvu: bana bomba la juu kwa goti moja, punguza mwendo kwa breki ya nyuma. Kisha tafuta sababu kwa mpangilio huu: mchezo kwenye hedseti, gurudumu la mbele kupinda, upepo wa tairi, kiti kurudi nyuma mno. Mara nyingi huishia kwenye hedseti.

Baada ya kilomita 100 za kwanza pitia bolti zote tena kwa spana ya toki, na unyooshe magurudumu. Kisha zungushia nguzo ya kiti utepe mwembamba pale inapoingia kwenye fremu. Akishusha kiti ili baiskeli iingie kwenye basi, atajua pa kukirudisha, na utepe ukionekana umezama, nguzo inateleza: ifungue, isafishe, paka krimu upya.