Fundi wa Paa Akisema "Hilo Halikuwamo"

Siku ya tatu ya kazi fundi alishuka ngazi na kipande cha plaiwudi mkononi. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kikamegeka kama udongo uliolowa. "Mbao zote za chini ziko hivi," akasema. "Na hizi hazikuwamo kwenye bei." Paa bapa la chumba cha nyuma lilikuwa limeshaezuliwa, mawingu yanakusanyika, nami nimeshika kotesheni, yaani karatasi yake ya bei, yenye mistari minne: kuezua paa la zamani, kuezeka upya, kusafisha eneo, jumla. Karatasi moja, wasomaji wawili, na kila mmoja anaapa kwamba inamtetea yeye.

Hiyo ilikuwa hapa Uingereza, lakini ndugu walioko Marekani wamenisimulia kisa hicho hicho. Hubadilika aina ya paa tu. Wengi wetu tumezoea kumalizana na fundi kwa mdomo, na jambo lisiloeleweka tunaliachia "tutaelewana huko mbele". Huku ugenini, huko mbele ndiko ankara inakotokea.

Kabla ya hoja yoyote ya pesa, paa lifunikwe. Tenganisha mambo haya mawili waziwazi, kwa sababu mvua ndiyo silaha kubwa ya fundi hata kama hakukusudia kuitumia. Mimi nilimwambia: "Tafadhali funika sehemu iliyo wazi leo kwa turubai. Suala la mbao nitakujibu kwa maandishi jioni." Usiseme "haya, endelea" ukiwa umesimama chini ya ngazi. Kwa sheria za Uingereza makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na neno hilo moja linaweza kuhesabiwa kuwa umekubali kazi ya ziada bila hata kujua bei yake.

Kilichofichika na kilichoonekana

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Jiulize: siku fundi alipokuja kukagua, je, jambo hili lilionekana kwa macho ya mtu anayeijua kazi yake?

Mbao zilizooza chini ya tabaka la paa hazionekani mpaka paa liezuliwe. Hapo fundi ana hoja, na kumwita mwizi ni kumwonea. Anachodaiwa ni kuwa angekuonya mapema: "nikikuta mbao mbovu, kila ubao utagharimu kiasi hiki." Asipoonya, bado ana haki ya kuzungumza nawe juu ya gharama, lakini hana haki ya kukupangia bei peke yake wakati paa liko wazi.

Sasa linganisha na jukwaa la kupandia. Nyumba ya ghorofa mbili haikurefuka usiku baada ya kotesheni kuandikwa. Dohani ilikuwepo, na maungio yake yanayohitaji kuzibwa kwa bati la risasi yalikuwepo. Gata zilikuwa zinaning'inia pale pale. Kontena la kubebea kifusi linahitajika kwa sababu paa la zamani haliliwi na ardhi. Fundi aliyeona yote haya kisha akatoa jumla moja ya "kuezeka upya" ana kazi ngumu ya kueleza kwa nini hayamo. Na kuna swali la pili linalosaidia: je, kazi iliyoandikwa inaweza kukamilika bila kitu hiki? Paa jipya lisilozibwa pale linapokutana na ukuta litavuja msimu wa kwanza. Kuziba huko ni sehemu ya kuezeka hata kama neno lenyewe halikuandikwa.

Ila kipimo kinakata kuwili. Usidai gata mpya kwa sababu tu za zamani zilishushwa ili kazi ifanyike. Kuzirudisha kama zilivyokuwa, hilo ni lake. Kukununulia nyingine ni ombi jipya. Vivyo hivyo kuongeza tabaka la kuzuia baridi, ingawa hapa pana mtego: England ukibadilisha zaidi ya nusu ya eneo la paa, kwa kawaida unahitaji kibali cha kanuni za ujenzi, na kanuni hizo zinaweza kukulazimisha uongeze tabaka hilo. Fundi anajua au anapaswa kujua hilo. Muulize mapema nani anapeleka taarifa halmashauri na nani analipa ada, kwa sababu mstari huu haukosi kusahaulika.

Irudie karatasi, na simu yako pia

Angalia kwanza kichwa cha karatasi. Kotesheni ni bei kamili: ukishaikubali, fundi hawezi kuipandisha kwa kazi ile ile eti alikosea hesabu. Estimeti ni makadirio, na jumla inaweza kupanda au kushuka, japo isiruke kupita kiasi. Wapo wanaotumia maneno haya ovyo, kwa hiyo tazama pia maneno madogo ya chini. Hapo ndipo utakuta "bila VAT", yaani bila kodi ya ongezeko la thamani, na VAT ya Uingereza ni asilimia 20, si pesa ya kupuuza. Mteja wa nyumbani anatakiwa aonyeshwe bei ikiwa na kodi ndani yake. Ikitokea baadaye kama mgeni asiyealikwa, una haki ya kuipinga.

Walioko Uingereza wana sheria nzuri sana ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Kifungu cha 69 kinasema sharti la mkataba likiweza kusomeka kwa maana mbili, ichukuliwe ile inayomfaa mlaji zaidi. Fundi aliyeandika "kuezeka upya, kila kitu" asilalamike tukisoma "kila kitu" kuwa kila kitu. Kifungu cha 50 kinaongeza kwamba alichokuambia mtoa huduma kuhusu kazi yake, kwa mdomo au kwa maandishi, huwa sehemu ya mkataba kama ulikitegemea ulipoamua kumpa kazi. Ndiyo maana nasema irudie simu. Katika WhatsApp yangu nilikuta ujumbe wake wa wiki mbili kabla: "Usijali, nitabadilisha chochote kibovu nitakachokikuta." Alikuwa ameusahau. Mimi pia, kusema kweli.

Kama mazungumzo yalikuwa ya mdomo tupu, andika leo hii unachokumbuka: tarehe, mlikuwa mmesimama wapi, nani mwingine alisikia. Kumbukumbu ya siku hiyo hiyo ina uzito kuliko ile utakayoibuni miezi sita baadaye mbele ya hakimu.

Ujumbe wenyewe

Andika mfupi, bila hasira, kwa lugha ya nchi uliyopo hata kama yako si ya kupendeza. Sentensi fupi hazikosei. Wangu ulikuwa hivi, nikiutafsiri:

"Asante kwa kufunika paa. Kotesheni yako ya tarehe fulani ni bei kamili ya kuezua na kuezeka upya. Katika ujumbe wako uliniambia utabadilisha chochote kibovu. Naelewa mbao hazikuonekana. Tafadhali nitumie picha za mbao zote zilizooza, idadi yake, na bei ya kila moja, vifaa na kazi vikitengwa. Usibadilishe ubao wowote nje ya bei ya awali kabla sijakubali kwa maandishi."

Angalia kilichoombwa: idadi, picha, mgawanyo. Fundi mwaminifu hujibu hayo ndani ya saa moja. Yule anayekisia hukasirika kwanza. Nikapanda ngazi mwenyewe (mke wangu akiishika na kunisema) tukahesabu pamoja. Kumi alizozitaja zilikuwa saba.

Kama huwezi kupanda, au hujui ulitazamalo, mlipe fundi mwingine aje atazame na kuandika maoni yake. Asiwe rafiki yako, na asiwe yule aliyeshindwa kupata kazi hiyo hiyo.

Pesa

Kosa tulifanyalo sana ni kuzuia malipo yote tukidhani tunamkomesha. Ukizuia hata sehemu isiyobishaniwa, wewe ndiye unayeonekana kuvunja mkataba. Lipa kilichokamilika na kisicho na ubishi, zuia kiasi kinacholingana na kinachobishaniwa, kisha mwandikie ukieleza kwa nini.

Ukilipa hata kianzio tu kwa kadi ya mkopo hapa Uingereza, na bei ikiwa zaidi ya pauni 100 na isizidi 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na fundi. Taslimu haina ulinzi huo. Na anayesema "ukilipa taslimu VAT haipo" anakuomba uachane na ushahidi wako wote kwa mkupuo.

Marekani kuna hatari ya aina nyingine. Katika majimbo mengi, muuza vifaa, au fundi aliyepewa sehemu ya kazi na kontrakta wako, ambaye kontrakta huyo hakumlipa anaweza kuandikisha deni juu ya nyumba yako, hata kama wewe ulishamlipa kontrakta kila senti. Kabla ya malipo ya mwisho dai hati zilizosainiwa na hao wote kwamba wamelipwa na hawadai chochote. Ukiwa California, kontrakta wa nyumba haruhusiwi kuchukua kianzio kinachozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, chochote kilicho kidogo. Akidai nusu mkononi kabla hajapanda juu, umeshajua unashughulika na nani.

Na bila kujali jimbo, kotesheni ya paa la Marekani itaje bei ya kila ubao wa chini utakaobadilishwa. Ubao wa kawaida huko ni futi 4 kwa 8. Bila mstari huo, ugomvi wangu unakusubiri.

Mkishindwana

Uingereza, kama fundi amesajiliwa TrustMark, mpango unaotambuliwa na serikali, pitia utaratibu wao wa malalamiko. Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, watakushauri bure. Hatua inayofuata ni barua ya mwisho kabla ya mahakama: unadai nini, kwa sababu gani, na unampa siku 14 ajibu. Nimeona barua hiyo peke yake ikiwarudisha mafundi mezani. Madai madogo England na Wales ni hadi pauni 10,000, na tangu Mei 2024 madai mengi ya pesa ya kiwango hicho hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi wa simu wa saa moja, bila malipo. Scotland kikomo ni pauni 5,000. Huhitaji wakili.

Marekani anza na bodi ya leseni ya jimbo, pale jimbo linapotoa leseni kwa mafundi wa paa, kwa sababu fundi huogopa kupoteza leseni kuliko kupoteza kesi. Vikomo vya mahakama za madai madogo hutofautiana: mtu binafsi California anaweza kudai hadi dola 12,500, Texas hadi 20,000.

Sisi hatukufika huko. Jioni ile tulikaa jikoni na simu mezani, ujumbe wake ukiwa wazi kwenye kioo. Alisoma, akakuna kichwa, akasema aliuandika akiwa na maana ya vitu vidogovidogo. Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyoamini pia, ila maneno yameandikwa "chochote". Tukaafikiana nilipe plaiwudi saba kwa bei ya risiti ya duka, na kazi ya kuzipigilia iwe juu yake. Tukaandika mistari mitatu chini ya kotesheni ile ile, tukasaini, nikaipiga picha nikamtumia. Kazi ilipoisha nilidai risiti yenye maneno "malipo kamili, hakuna deni lililobaki", pamoja na dhamana ya paa yenye tarehe na anwani ya nyumba. Aliiandika juu ya boneti ya gari lake, kalamu ikigoma kwa baridi.