Namna ya kuvua tilapia na ndobano mu Ziwa Kivu kama njo unaanza

Ku Goma tuko na ziwa mbele ya mulango lakini mu nyumba mingi mangaribi njo unakuta tomsoni, ile samaki ya bahari, ya frigo yenye ilitoka mbali mu karto, ao tilapia ya barafu yenye haikuonaka Kivu hata siku moja. Siseme tomsoni ni mbaya, inalisha batoto. Lakini tilapia yenye umetoa wewe mwenyewe mu maji ni kitu ingine kabisa, na mutu mwenye hajavuaka hata siku moja anaweza kuitoa bila pirogi, bila wavu, bila kifaa cha bei kali. Fito, nailoni, ndobano na uvumilivu. Ninaeleza hapa vile inafanyika kutoka ku mawe ya pembeni.

Kwanza sambaza, ile kasamaki kadogo ka ziwa, utoe mu kichwa. Sambaza haikamatwake na ndobano. Ile samaki baliileta kutoka Ziwa Tanganyika mu miaka ya 1958 mupaka 1960, inaishi katikati ya ziwa na inakula tududu tudogo twenye tunaelea mu maji, sasa bavuvi banaifwata usiku na pirogi tatu zenye zimefungwa pamoja, taa inaita samaki, wavu unapandishwa kutoka chini. Ile ni kazi ya ekipe nzima, na mwezi ukiwaka sana bengi banabaki ku nyumba juu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Wewe mwenye unaanza samaki yako ni tilapia, na kisha tilapia, kambale.

Sasa kitu kikubwa yenye nataka ushike: samaki iko pembeni. Kivu ni ndani sana, inafika karibu metre 480, lakini usizani samaki imejaa mu ile maji yote. Oksijeni iko juu tu, mu metre kama 60 za kwanza, na kuna misimu inapunguka zaidi. Kule chini ni gazi, metani na gazi karboniki, hakuna samaki inaishi kule. Na tilapia hata ile 60 haina kazi nayo, juu inapenda kukwangula ile majani laini ya kijani yenye inaota ku mawe, na ile majani inataka jua, kwa hiyo utaipata mu metre moja, mbili, tatu. Huku kwetu pembeni inashuka mbio, unafanya hatua chache tu maji inakuwa nyeusi. Lakini unaona mutu anasimama ku jiwe, anazungusha nailoni, anaitupa na nguvu yake yote, anafurahi vile imefika mbali, na samaki inakula chini ya miguu yake. Tupa karibu. Metre tatu, ine, basi.

Juu ya ile, fito inatosha. Tafuta bambu yenye imekauka, ya metre 3 ao 4, nyembamba ku ncha, yenye inapinda bila kuvunjika. Nailoni ununue ya milimetre 0,20 ao 0,25, ile nene ya bavuvi ba wavu tilapia inaiona, maji ya Kivu iko safi sana siku zenye hakuna upepo. Urefu wa nailoni ulingane na fito, usizidishe, juu ikizidi utashindwa kushika samaki ikifika. Ndobano chukua numero 10 ao 12, na ujue numero ikipanda ndobano inapunguka, usije kulipa numero 4 ukizani ni kadogo. Mu Birere na ku soko ya Virunga unaweza kuuliza, ila muuzaji mara mingi atakuonyesha kubwa kwanza. Kataa. Tilapia kinywa chake ni kidogo, inakula na ncha ya midomo, na ndobano kubwa inakuachia chambo imekwisha na wewe hukusikia kitu.

Bushoni ya kuelea unatoboa mu sapatu ya zamani: kata kipande cha upana wa kidole, pitisha nailoni katikati, ukaze na kajiti kadogo ili uweze kuipandisha na kuishusha. Chini yake weka risasi (kachuma kazito ka kuzamisha nailoni) kidogo sana, yenye inatosha tu bushoni isimame. Risasi ikiwa nzito samaki inavuta, inasikia uzito, inatema.

Kufunga ndobano, hapa ufanye pole pole juu njo fasi samaki ya wengi inapotelea. Pitisha nailoni mu katundu ka ndobano, uivute ibakie kama santimetre 15. Ile mukia uizungushe juu ya nailoni yenyewe mara tano ao sita, ukishika ndobano na vidole viwili isigeuke. Kisha rudisha mukia uipitishe mu kale kaduara kenye kamebaki karibu kabisa na katundu. Mbele ya kukaza, weka mate. Nailoni ikikazwa kavu inaungua yenyewe na inakuwa zaifu, utaona imekuwa nyeupe, ile ukate uanze tena. Ikishakaza vizuri mizunguko inapangana mumoja kwa mumoja. Vuta na nguvu mukononi mwako, ikiachilia, bora iachilie pale kuliko mu maji.

Chambo ni mbili zenye zinafanya kazi. Minyoo ya udongo, ile nyekundu nyembamba yenye unakuta chini ya migomba ao fasi banatupaka maganda ya jikoni. Uikate vipande, ufiche ncha ya ndobano lakini usifunike yote. Ya pili ni bugali. Chukua bugali ya jana, ya mahindi, uikande na unga kidogo ya ngano mupaka inashikana na haishike vidole, na kama unataka ikamate zaidi changanya na sambaza kavu yenye umesaga. Kadonge kawe sawa punje ya maharagi. Mimi ninapenda bugali kushinda minyoo asubui na mapema, juu minyoo inaitaka kila kasamaki kadogo ka pembeni na utashinda unalisha ile tudogo.

Mbele ya kuanza tupa makombo kidogo mu maji fasi utavua, kiganja kimoja, usijaze. Tilapia ikishiba inaenda. Rudia kila nusu saa hivi, kidogo kidogo.

Fasi nzuri ni gani? Angalia pembeni yenye iko na mawe na majani pamoja, ao fasi kamutaro kanaingia mu ziwa, ao kivuli cha muti wenye umeinamia maji. Fasi bamama banafulia nguo asubui sana haifae, kelele na sabuni. Mawe yetu huku ni ya volkano, yenye kukwaruza, iko na matundu mingi, inameza ndobano. Kwa hiyo pima kina kwanza: shusha bushoni, acha risasi iguse chini, kisha punguza urefu mupaka ndobano ibakie kama kiganja kimoja juu ya jiwe. Ikinasa usivute juu kama mwenye hasira, tembea pembeni, vuta kutoka upande mwingine, mara mingi inatoka. Na ikikatika, nailoni yenye imebaki uikusanye uende nayo, ile inakata miguu ya batoto benye banaogelea.

Saa: asubui kutoka saa kumi na mbili mupaka saa tatu, na mangaribi kuanzia saa kumi. Katikati ya mchana jua inapiga, samaki inashuka, na upepo unaanza kuleta mawimbi.

Hapa nisimamishe kidogo juu ya mazuku, kwa sababu muvuvi mwenye anaanza anaamka mapema na anatafuta fasi zenye batu habapite, na ile njo saa na njo fasi ya mazuku. Ni gazi karboniki yenye inatoka mu udongo, ni nzito kupita hewa, haina rangi, inajilaza mu mashimo na mu mabonde usiku na asubui mbele ya upepo. Upande wa Himbi, Keshero, mupaka Lac Vert na Bulengo, benyeji banajua mashimo yenyewe. Usiingie mu shimo kutafuta minyoo, usilale chini kungojea jua, usikae mu kabonde hata kama iko na kivuli kizuri. Ukiona ndege ao mijusi imekufa pale, ao majani imekauka mu shimo moja tu wakati pembeni ni kijani, toka, panda juu. Na kama mwenzako ameanguka kule ndani usimukimbilie, wewe pia utaanguka. Ita batu, tafuta kamba. Siku ya kwanza nenda na mutu wa ile quartier, umuulize kabisa, papa, huku kuna mazuku fasi gani? Atakuonyesha bila kusumbua.

Basi umekaa, fito iko mukononi, bushoni imesimama. Usiangalie simu. Tilapia haipige mara moja, kwanza bushoni inatetemeka, inatulia, inatetemeka tena, pale samaki iko inaonja na unaacha. Kisha bushoni inaanza kutembea pembeni, ao inalala, ao inazama pole pole. Ile ya kutembea njo yako. Pandisha fito na mukono tu, kidogo, bila kuruka. Mwenye anavuta na mwili mzima anapasua mudomo wa samaki, ao anairusha mu majani nyuma yake. Ukisikia uzito, weka fito juu ipinde, acha bambu ichokeshe samaki, usilegeze nailoni hata kidogo. Tilapia itakimbilia chini ya mawe, igeuze na fito upande wa maji wazi. Ikishalala ubavu, ivute juu ya maji mupaka pembeni, uishike na mukono wenye umelowana.

Kushika nako kuna namna. Miiba ya mugongo inasimama, inatoboa kabisa. Anza ku kichwa, telezesha kiganja nyuma ili miiba ilale, kisha kaza. Kambale miiba yake iko pembeni ya kichwa, mbili, unashika nyuma ya ile miiba na vidole vikipita chini.

Kama samaki haifike urefu wa kiganja chako na vidole, irudishe. Na kama umetoa jike yenye iko na mayai ao batoto mu kinywa (tilapia yetu inafichaka batoto yake mule mupaka bapate nguvu) irudishe mbio sana mbele haijatema, juu mule kuna samaki mingi ya kesho. Ninasema hii na uchungu kabisa, juu kuna batu banapitisha mustikeri (chandarua ya mbu) pembeni, banakokota kila kitu hata tule tusamaki twa urefu wa musumari, banaanika, banauza ku bei ya bure. Ndobano haifanye vile, inachukua moja moja. Ziwa Kivu haina aina mingi ya samaki, ni kama 30 tu, Tanganyika inapita 200. Tukimaliza zenye ziko hatuna zingine za kungojea. Na kuna vipindi ziwa linafungwa ili samaki izae, uliza komite ya bavuvi ya fasi yako mbele hujatoka na fito.

Ukishazoea tilapia, jaribu kambale. Ile ni mangaribi jua ikiingia, fasi ya matope ao karibu na mudomo wa mutaro, bushoni utoe kabisa, risasi ilale chini, ndobano ukamate numero 4 ao 6, hapa sasa kubwa inafaa, na chambo minyoo mbili tatu kwa mara moja ao matumbo ya kuku. Nailoni iwe ya 0,35, kambale inavuta kama mbuzi yenye inakataa kamba. Shika fito na mikono mbili, usiitie chini, inaweza kwenda nayo.

Pirogi iache kwanza. Kama siku moja mutu anakualika, vaa jile (ile koti ya kuelea), na kama hana jile usipande, hata kama ni ndugu yako, hata kama maji imetulia. Goma yote inakumbuka bwato ya MV Merdi yenye ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, na ilikuwa imekaribia kufika.

Samaki yenye umepata iue pale pale, pigo moja ku kichwa na kipande cha muti, kisha uitoe matumbo na matamvua, uifunge mu kitambaa chenye kimelowana, uiweke mu kivuli. Usiiweke mu sashe ya plastiki ku jua, mu saa moja inaanza kunuka. Ku nyumba utie chumvi na ndimu, ukate pembeni mistari tatu tatu ili mafuta iingie, ukaange mupaka ngozi inakauka, kisha utie nyanya, kitunguu na pilipili nzima bila kuipasua, maji kidogo, ufunike. Ile ndogo ndogo za kiganja ukaange kavu tu, zinakuliwa na mifupa ya mukia.