Kutengeneza Mpini wa Upanga wa Mwanga kwa Vifaa vya Mtwara

Mpini wa upanga wa mwanga alioushika Luke Skywalker katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 haukuundwa kiwandani kwa kazi hiyo. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti, alikuta katika duka la vifaa vya kamera mjini London vishikio vya taa za flashi za kamera za Graflex, ambavyo wapigapicha wa magazeti wa Marekani walivitumia katika miaka ya 1940. Akabandika vipande vyeusi vyenye umbo la herufi T, akaongeza utepe wa lenzi ndogo za kukuzia tarakimu za kikokotoo, kisha akaweka pete ya kuning'inizia mkandani. Njia yangu ni hiyo hiyo ya kuokoteza na kuunganisha, ila mimi ninaokoteza Mtwara na Mikindani. Mwanga wenyewe ulikamilishwa baadaye kwenye picha, kwa hiyo kazi yetu ni mpini tu.

Anza na vipimo, kwa maana mpini wenye uwiano mbaya hauokolewi na rangi nzuri. Kishikio halisi kilibeba betri tatu kubwa za tochi, ambazo kila moja ina kipenyo cha takriban milimita 33, na urefu wake wote ulikuwa karibu sentimita 28. Ukiishika betri moja mkononi, utapata mara moja picha ya unene unaoutafuta. Katika duka la vifaa vya ujenzi, omba kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 40. Usikubali la milimita 50 kwa sababu ya bei, kwani kiganja hakitalikumbatia vizuri.

Ili ukate bomba kwa unyoofu, lizungushie karatasi yenye ukingo ulionyooka mpaka ncha zake zikutane sawasawa, uchore mstari kufuata ukingo huo, kisha ukate kwa msumeno wa chuma huku ukilizungusha bomba kidogo kidogo badala ya kulipitisha msumeno kwa mkupuo mmoja. Lainisha midomo yote miwili kwa tupa. Usilitie bomba motoni kwa lengo lolote, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Bomba tupu ni jepesi mno, na wepesi huo hauwezi kufichwa. Mimi hutumia mabaki ya mpingo ninayopewa na wachongaji wa vinyago: kipande cha sentimita 4 kinachongwa kuwa mviringo mpaka kiingie chini ya bomba kwa kubana, kisha kinagandishwa kwa gundi ya epoksi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na uzito ukikaa kwenye kitako mpini hutulia mkononi. Kabla ya kufunga skrubu ya pete, ambayo fundi viatu atakupatia kutoka kwenye mkanda wa begi la zamani, toboa kwanza tundu jembamba, kwa kuwa mpingo mkavu hupasuka skrubu ikilazimishwa.

Sasa tufike kwenye rangi, ambako hewa ya pwani yetu inadai subira. Mpini wangu wa pili niliupaka mwezi Machi, jioni baada ya mvua, na asubuhi nikaukuta umefunikwa na weupe kama tui lililomwagika. Kiyeyushi cha rangi ya kupuliza hukauka haraka na kuupoza uso wa kitu, hivyo unyevu ulio hewani huganda ndani ya rangi kabla haijashika. Nililazimika kukwangua yote. Tangu hapo napaka kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekwisha, kati ya saa nne na saa sita asubuhi, mahali palipokingwa na upepo wa kusi unaoleta mchanga.

Osha bomba kwa sabuni ili mafuta ya mikono yatoke, lisugue kwa msasa namba 240, kisha namba 400 ukiwa umelowa maji. Puliza praima, yaani rangi ya msingi, na ikikauka puliza rangi nyeusi inayong'aa. Subiri siku nzima. Ndipo upulize rangi ya fedha kwa tabaka nyembamba sana kutoka umbali wa sentimita 25 hivi. Weusi ulio chini ndio unaoipa fedha kina cha chuma. Fedha iliyopakwa juu ya praima ya kijivu hubaki kuonekana kama rangi ya geti.

Kwa vipande vya kushikia, gereji yoyote itakupa raba kuukuu za wipa, ambazo tayari zina umbo linalokaribia T. Kata saba, kila kimoja sentimita 8. Mzunguko wa bomba ni karibu milimita 126, kwa hiyo katikati ya kipande kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 18. Weka alama hizo kwenye karatasi kabla ya kuihamishia kwenye bomba. Kwangua rangi kwenye kila mstari wa gundi, ili supaglu ishike bomba lenyewe na si rangi, ambayo siku moja itabanduka pamoja na raba.

Juu kidogo ya katikati, zungusha ukanda wa bati la alumini wenye upana wa sentimita 2. Juu yake bandika safu moja ya vibofu vya pakiti tupu ya vidonge, ukiwa umevijaza epoksi kwa nyuma visibonyee. Vinafanana sana na zile lenzi za kikokotoo. Kando yake weka kitufe chekundu cha redio mbovu.

Mwisho, punguza rangi nyeusi ya mafuta kwa tapentaini, ipake kwenye maungio yote, na uifute kwa kitambaa kabla haijakauka, ukiacha weusi kwenye pembe na kando ya raba, lakini ukisafisha kabisa mahali ambapo kidole gumba hupita. Acha epoksi ikae siku mbili kabla ya kuning'iniza mpini kwa pete yake.