Kabidhi programu yako bila kuacha mlango wazi

Nasahihisha kazi za wanafunzi wa programu, na nikiona kiambatisho kinaitwa kazi_mwisho_kabisa2.zip najua jioni yangu imekwisha. Pengine hakifiki kabisa: Gmail huzuia faili za .exe, .bat, .js na .jar hata ukizificha ndani ya zipu. Mwanafunzi anaapa alituma, mimi sina kitu, na wa kutuamua hayupo.

Tumia Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, kwenye ripozitori (ghala la kazi hiyo) ya faragha. GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripozitori, inazitoa bure tangu 2019. Chagua faragha kabla hujapandisha mstari wa kwanza, kisha mwalike mwalimu peke yake. Ukiiacha wazi, mwenzako atanakili usiku, na asubuhi nitapokea kazi mbili zinazofanana hadi makosa ya tahajia, nisijue mwizi ni nani.

Kabla ya komiti ya kwanza, yaani toleo la kwanza unalolihifadhi kwenye Git, tengeneza faili ya .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizichukue, uandike humo .env (faili ambamo nywila huwekwa) na kila faili yenye siri. Muhula mmoja nilifungua kazi nzuri sana ya hifadhidata. Mstari wa nne, nywila ya barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe. Nikamjulisha. Akaifuta, akapandisha upya, akashukuru. Nikaandika git log -p, amri inayoonyesha mabadiliko yote ya nyuma, na nywila ikawa ile pale, imekaa kwenye historia. Kufuta mstari hakufuti komiti ya jana. Nywila ikishapanda, ibadilishe kwanza kule inakotumika. Kusafisha historia ni baadaye.

Mwalimu aking'ang'ania zipu, ipitishe kwenye mfumo rasmi wa chuo, si kwenye kundi la gumzo. Kisha chukua alama yake ya utambulisho kwa amri: sha256sum kazi.zip kwenye Linux, au certutil -hashfile kazi.zip SHA256 kwenye Windows. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mtumie mwalimu kwa njia nyingine. Faili ikiguswa hata baiti moja, alama haitalingana. Haifichi kilichomo, lakini ubishi wa "hii siyo niliyotuma" unaishia hapo.

Na nyinyi mnaorudisha saa nyuma: tarehe ya komiti hutoka kwenye kompyuta yako, kwa hiyo siitazami. Natazama saa ambayo seva ilipokea.

Ukishapandisha, klone (nakili) ripozitori kwenye folda tupu, uiendeshe kutoka hapo. Ikikataa, bado una muda wa kutafuta faili uliyoisahau.