Mtandao wa Simu Unaopanda na Kushuka: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Wateja wengi wanaoleta simu kwa fundi kwa sababu ya mtandao unaopanda na kushuka huwa wamekwisha kuamua kwamba antena imekufa, na baadhi yao hukubali simu ifunguliwe hapo hapo mezani. Mimi ni fundi wa simu katika mji wa pwani, na kwa uzoefu wangu kufungua simu kunapaswa kuwa jambo la mwisho kabisa. Tatizo hili huwa na mmoja kati ya wenyewe watatu: mahali ulipo, laini yako, au simu yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwatenganisha hao watatu ukiwa nyumbani, bila kifaa kingine zaidi ya simu ya pili ya kuazima na pini ya kutolea laini.

Hatua ya 1: Acha kuhesabu vijiti, soma namba

Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo havina kipimo cha pamoja, kwa kuwa kila mtengenezaji hujiamulia kijiti kimoja kianzie wapi na kiishie wapi. Mwaka 2010, iPhone 4 ilipolalamikiwa kwamba inapoteza mtandao ikishikwa kwa namna fulani, Apple yenyewe ilikiri kwamba hesabu yake ya vijiti ilikuwa na kosa, na kwamba simu ilikuwa ikionyesha vijiti vingi kuliko nguvu halisi ya mawimbi. Kwa hiyo mtu anayesema simu yake ina vijiti viwili bado hajasema kitu ambacho fundi anaweza kukifanyia kazi.

Kipimo cha kuaminika ni dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa desibeli, ambacho huandikwa kwa namba hasi. Kwenye simu nyingi za Android utakiona ukiingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM. Nyingine hukionyesha ukibonyeza *#*#4636#*#* kwenye sehemu ya kupigia. Kwenye iPhone bonyeza *3001#12345#* kisha piga, na ukurasa wa vipimo utafunguka.

Kadiri namba inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, -85 na kuendelea juu ni hali nzuri. Kati ya -85 na -100 simu inafanya kazi bila shida. Ikifika kati ya -100 na -110 utaanza kuona intaneti ikisuasua. Na chini ya hapo usishangae mazungumzo yakikatika. Kumbuka kwamba tofauti ya 3 ni sawa na nguvu kupungua kwa nusu, na tofauti ya 10 ni kupungua mara kumi, hivyo simu inayotoka -92 hadi -104 ikiwa imelala mezani imepoteza mawimbi mengi sana. Namba kuchezacheza kwa nne au tano ni kawaida hata kwa simu nzima. Andika pia aina ya mtandao kando ya namba, kwa sababu vipimo vya 2G na 3G havipimwi kwa njia moja na vya 4G, na ukivilinganisha utajidanganya.

Hatua ya 2: Pima mahali

Chukua vipimo sehemu nne: pale unapolala, katikati ya sebule, dirishani, na nje uwanjani. Subiri kama dakika moja kila sehemu kabla ya kuandika, maana simu huchelewa kubadilisha namba. Rudia asubuhi na saa mbili usiku. Ikiwa nje namba imetulia na ndani inaporomoka, simu yako haina ugonjwa. Nyumba zetu zenyewe ni kizuizi kikubwa: bati hurudisha mawimbi yalikotoka, na ukuta wa zege wenye nondo unaweza kumeza desibeli 10 hadi 20 peke yake. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 800 na 900, hupenya kuta vizuri kuliko ya 1800 na 2100, na ndiyo maana jirani wa mtandao mwingine anaweza kuongea chumbani kwake huku wewe ukitoka hadi barazani.

Hali inayosumbua zaidi ni nyumba iliyo mpakani mwa minara miwili. Hapo simu huhamia mnara huu, baada ya muda mfupi ikarudi ule, au ikashuka kutoka 4G hadi 3G na kupanda tena, na kila kuhama kunakula betri na kuipasha simu moto. Programu kama NetMonster huonyesha namba ya utambulisho ya mnara unaotumika. Ukiiona namba hiyo ikibadilika mara kwa mara wakati simu imetulia, umempata mhusika. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu na kuchagua aina moja iliyo imara hapo ulipo, hata kama ni 3G.

Mtandao wa 3G una tabia ya eneo lake kujikunja watumiaji wanapoongezeka, kwa hiyo nyumba iliyo pembezoni hupoteza mtandao jioni na kuupata tena usiku wa manane. Umeme ukikatika na mnara wa karibu ukazimika, simu hujishikiza kwenye mnara wa mbali. Ikiwa vipimo ni vizuri lakini intaneti haitembei, hilo ni tatizo jingine, mara nyingi msongamano, na hakuna fundi wa mezani anayeweza kukusaidia.

Hatua ya 3: Tenganisha laini na simu

Weka simu ya pili kando ya simu yako, zote zikiwa na laini za kampuni moja na zikiwa kwenye 4G. Namba zikilingana au kupishana kidogo, rudi kwenye hatua ya pili. Simu yako ikiwa nyuma kwa 10 au zaidi kila mahali, shaka inahamia kwenye simu.

Sasa badilishana laini. Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu laini haiongezi wala haipunguzi nguvu ya mawimbi. Laini iliyochakaa haiwezi kuitoa simu kutoka -90 hadi -105. Inachofanya ni kuufuta mtandao wote ghafla, likaja neno la kukosa huduma, kisha ukarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, na tatizo likaihama simu yako na kuifuata laini kwenye simu ya pili, futa uso wa dhahabu wa laini kwa kitambaa kikavu, jaribu nafasi ya pili ya laini, na usipopata nafuu nenda ukaibadilishe dukani kwa kampuni yako. Kwa Tanzania utahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole.

Hatua ya 4: Ondoa yanayofanana na ubovu

Simu ikishuka kutoka 4G hadi 3G au 2G kila unapopiga, kisha ikarudi baada ya kukata, si mbovu: inatafuta njia ya sauti kwa sababu kupiga kupitia 4G hakujawashwa au hakupatikani kwenye simu hiyo. Vivyo hivyo, simu nyingi za laini mbili hupoteza laini moja wakati ukiongea kwa nyingine.

Vua kava, hasa la chuma au lenye sumaku, kisha pima tena. Washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika na kuizima. Mwisho weka upya mipangilio ya mtandao, ukijua kwamba nywila za Waifai zitafutika.

Hatua ya 5: Sasa mpe fundi

Ikiwa simu ilinunuliwa ikiwa imetumika nje ya nchi, hasa ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani, hakikisha kwanza kwamba ina masafa ya 4G yanayotumika hapa. Kwa Tanzania unaweza pia kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi.

Mweleze fundi kama simu iliwahi kuanguka, kuingia maji au kubadilishwa kioo, kwani tatizo likianza baada ya matengenezo chanzo huwa kidogo sana. Ndani ya simu nyingi kuna waya mwembamba kama uzi mnene, wenye kichwa cha duara kila upande, unaounganisha bodi kuu na antena ya chini. Kichwa hicho hubanwa kwa kidole mpaka kitoe mlio mdogo. Kikikaa upande, simu hufanya kazi ikiwa dirishani na kufa ikiingia chumbani. Kando yake kuna vijisahani vya springi vinavyogusa fremu, na kwetu pwani chumvi ya hewani huvifanya viote ukijani. Kuvisafisha kwa spiriti kali na brashi laini ni kazi ya dakika chache. Fundi akikimbilia kusema IC ya mtandao, yaani chipu yake, imekufa kabla ya kugusa vitu hivi viwili, omba simu yako. Baada ya kazi, pima pale pale ulipopima mwanzo.

Usinunue stika za kuongeza mtandao, kwa kuwa hazifanyi lolote. Mashine za kukuza mawimbi zinazouzwa bila idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ni mbaya zaidi, maana zinaweza kuvuruga mnara unaowahudumia majirani.

Ikibainika kwamba tatizo ni la mahali, piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao ya Tanzania. Taja mtaa, saa, aina ya mtandao na vipimo vya simu zote mbili. Mhudumu akikuambia uizime na kuiwasha simu, mjibu kwamba umekwisha kufanya hivyo, kisha omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko, kwa kuwa utaihitaji ukilazimika kulifikisha TCRA.