Somo: Unga wa kitosani na asidi ya fitiki wa kupunguza moto kwenye epoksi

Swali ni lilelile: "Nitie nini epoksi isishike moto, kisitoke kiwandani bali kwenye mimea na maganda?" Epoksi ni resini, gundi ya maji inayogandishwa iwe plastiki ngumu. Jibu ni hili: kitosani, itokayo kwenye maganda ya kamba na kaa, pamoja na asidi ya fitiki, itokayo kwenye mbegu na nafaka na yenye fosforasi. Someni lote kabla ya kuuliza.

1. Kitosani gramu 10, maji ml 400, siki nyeupe ya asilimia 5 ml 100. Koroga hadi iyeyuke yote.

2. Asidi ya fitiki ya asilimia 50, gramu 25, izimue kwa maji ml 100. Glavu na miwani.

3. Idondoshe polepole kwenye kitosani ukikoroga. Mashapo meupe yakitulia, chuja kwa kitambaa.

4. Osha na ukaushe. Kazi nyingi huharibikia hapa. Hadina, yaani dawa ya kuigandisha epoksi, kwa kawaida ni amini, kemikali yenye naitrojeni, na asidi iliyobaki kwenye unga huishika amini ikawa chumvi. Resini hubaki inanata. Osha, kamua, rudia hadi karatasi ya pH ilingane na maji yako. Kisha oveni, nyuzi 80: pima, rudisha, pima tena, mpaka uzito usishuke. Jua msilitegemee. Kwa unyevu wa Mombasa, unga ulioanikwa hauwezi kukauka sawasawa, na maji yaliyomo hutoa mapovu resini inapopata joto. Saga, chekecha, funga kwenye chupa ungali na uvuguvugu.

5. Resini gramu 100 ipashe hadi nyuzi 50–60, tia unga gramu 15 kidogo kidogo, koroga dakika 20. Ipoe kwanza ndipo utie hadina, la sivyo itagandia koponi. Hadina ipimwe kwa uzito wa resini tu, unga usiuhesabu.

6. Mwaga bamba la mm 3. Kata kipande cha mm 125 kwa 13, kining'inize wima, washa ncha ya chini sekunde 10, ondoa moto, hesabu sekunde hadi kizime, kikizima, rudia. Pamba iwe sm 30 chini yake. Tone likiiwasha, mchanganyiko haufai.

MASWALI

Fundi wa Likoni: Nikitia asidi yenyewe moja kwa moja?
— Nusu yake ni maji, iliyobaki inaua hadina. Hatua ya 4. Rudi usome.

Abuu: Unga vijiko vingapi?
— Gramu. Nunua mizani.

Bi Zuhura: Maalim, kwenye kiberiti kuna fosforasi, na humu pia imo. Mbona hii inazuia moto?
— Ahsante kwa swali hili, dada. Ile ya ubavuni mwa kiberiti ni fosforasi nyekundu yenyewe. Hii imeshaungana na oksijeni, ni fosfati, haina cha kuungua tena. Ikipata joto hutoa asidi inayoinyang'anya resini maji, ikabaki kaboni. Kitosani huongeza kaboni na gesi zenye naitrojeni zinazouvimbisha ukoko, joto lisipenye. Vunja kipande ulichochoma: ukoko wenye vitundu kama mkate wa kumimina, unga umefanya kazi. Ukiwa mwembamba na umepasuka, panda hadi gramu 20, ila resini itakuwa nzito na bamba litavunjika upesi.

Abuu: Na mafuta ya maganda ya korosho ya Kilifi?
— Hilo sasa ni swali. Kadanoli, kemikali iliyomo kwenye mafuta hayo, hulainisha epoksi isikatike ovyo, lakini mkia wake mrefu wa kaboni na haidrojeni unaungua vizuri sana. Bila kuunganishwa na fosforasi, unaongeza kuni.