Kutoa kituo kidogo cha TV kwenye kebo na kukipeleka hewani kwa DVB-T2

Nawaandikia mafundi wenzangu wa vituo vidogo vya Mbeya, Iringa na Njombe, ambao mabosi wao wameanza kusema: tuachane na nguzo na waya, turushe hewani. Inawezekana kwa DVB-T2, mfumo wa TV ya kidijitali inayopokewa kwa antena, hata kwa mtambo wa kurushia wa wati chache. Ila kwa milima yetu, mipangilio mtakayoweka ndani ya mtambo ina uzito kuliko ukubwa wa mtambo wenyewe.

Anzeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Leseni ya maudhui haiwapi ruhusa ya kurusha mawimbi, na masafa hugawiwa na wao. Muuzaji akiwaharakisha, mkatalieni. Kichujio kinachokaa kati ya mtambo na antena hupangwa kwa chaneli moja ya megahezi 8. Mkipewa chaneli nyingine, hakifai mpaka kipangwe upya.

Mkisubiri majibu, ingieni mtaani na kipimo. Mji wa Mbeya uko bondeni, Loleza upande huu na safu ya Uporoto upande ule. Kutoka mlimani Mwanjelwa mtaifikia. Nyumba iliyojificha nyuma ya kilima kule Igawilo ni habari nyingine. Kabla hamjawa na mawimbi yenu, pimeni ya chaneli zilizopo zinazorushwa kutoka mlima uleule mnaoutaka. Bebeni pia king'amuzi cha bei ya chini, maana ndicho watu walichonacho. Nyumba moja nilikuta nguvu ya mawimbi iko juu kabisa, lakini ubora unapanda na kuanguka hadi sifuri. Mama mwenye nyumba alishaambiwa king'amuzi kimekufa. Tuliitoa antena nyuma ya mkaratusi uliolowa mvua, tukaisogeza hatua chache na kuigeuza kidogo, picha ikatulia. Majani mabichi hunyonya mawimbi ya UHF (masafa ya TV), na mteremko wa mlima huyarudisha kama mwangwi. Andikeni ubora wa kila mtaa. Nguvu peke yake itawadanganya.

Sasa mipangilio, na hapa ndipo naomba mnisikilize. QAM ni namna ya kupakia data kwenye mawimbi: namba ikiwa kubwa hubeba zaidi, ila huharibika upesi. Wauzaji hupenda kuonyesha 256-QAM yenye msimbo wa 2/3 (sehemu mbili kati ya tatu ni data, iliyobaki ya kurekebisha makosa) kwa sababu inabeba chaneli nyingi. Hiyo inahitaji mawimbi yazidi kelele kwa karibu desibeli 18. Mkishuka hadi 64-QAM yenye msimbo wa 3/5, inatosha karibu desibeli 12. Tofauti ya desibeli 6 ni sawa na kuongeza nguvu ya mtambo mara 4, bila kununua kifaa wala kulipa umeme zaidi. Mnachopoteza ni theluthi moja hivi ya nafasi. Kituo chenye chaneli mbili tatu kina haja gani na nafasi hiyo? Bibi wa Igawilo anataka taarifa ya habari isiyokatika.

Mkiweka mtambo wa pili wa kujazia kwenye masafa yaleyale, yote miwili iendeshwe kwa saa ya GPS, na muda wa kinga (nafasi inayoachwa ili mawimbi yanayochelewa yasivuruge picha) ulingane na umbali. Mawimbi husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja. Kwenye hali ya 32K (data hugawanywa kwenye maelfu ya mawimbi membamba), kinga ya 1/16 ni mikrosekunde 224, yaani tofauti ya njia ya kilomita 67 hivi. Picha ibanwe kwa H.264. HEVC, mbinu mpya zaidi ya kubana picha, inaokoa nafasi, lakini ving'amuzi vingi vya zamani haviisomi.

Athi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini, msiifanyie ubahili: kuanzia Novemba radi za huku hazina huruma. Mlingoti, nyaya na chumba cha mtambo viunganishwe kwenye athi moja.

Kebo msiizime siku hiyohiyo. Kule Marekani, walipoidhinisha ATSC 3.0, mfumo wao mpya wa TV ya kidijitali, mwaka 2017, vituo vikubwa vilivyohamia huko vililazimishwa kuendelea pia na mfumo wa zamani, vya nguvu ndogo vikaruhusiwa kuhama moja kwa moja. Mimi kwa huku siungi mkono njia hiyo ya mkato. Tuliona 2013 analojia ilipozimwa Mbeya jinsi nyumba zisizo na king'amuzi zilivyobaki gizani. Rusheni kote kuwili, na kila jioni kabla ya habari onyesheni namba ya chaneli, antena itazame wapi, vijiti vyake vilale au visimame, na hatua za kutafuta chaneli upya kwenye menyu. Wekeni na namba ya simu ya fundi, naye apokee.